Walioruka tunawajua, aliyetengeneza injini je?

Ndugu msikilizaji, ukimsimamisha mtoto yeyote wa shule ukamwuliza ni nani waliorusha ndege ya kwanza yenye injini, atakujibu bila hata kufikiri: ni ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, huko Marekani, tarehe 17 Desemba 1903. Jibu ni sahihi na mwalimu atampa alama zake. Lakini hebu mwulize, injini ya ndege ile ilitengenezwa na nani? Hapo utamwona anakuna kichwa. Usimcheke. Hata watu wazima, tena wenye vyeti vyao, swali hilo huwashinda.

Aliyeitengeneza aliitwa Charles Taylor. Hakuwa mhandisi, hakuwa profesa. Alikuwa fundi makanika aliyeajiriwa katika duka la baiskeli la hao ndugu, mjini Dayton, jimbo la Ohio. Aliajiriwa mwaka 1901 kwa ujira wa dola 18 kwa wiki, na kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli za wateja wakati mabosi wake wakiwa kwenye mambo yao ya kuruka. Kuhusu injini za petroli, alikuwa amewahi kushika moja tu, ya gari, na hiyo ilikuwa ni kuifanyia matengenezo.

Sasa, mwishoni mwa mwaka 1902 ndugu hao walikuwa wamekwisha kumaliza shida kubwa kuliko zote. Ndege yao isiyo na injini iliweza kupaa na upepo, kugeuka kushoto na kulia, na kutua bila kumvunja mtu shingo. Kilichobaki kilikuwa nguvu ya kuisukuma. Wakaandika barua kwa makampuni ya injini wakiomba injini yenye nguvu farasi nane au tisa, isiyozidi uzito wa kilo 82 hivi. Majibu yaliyorudi hayakuwasaidia. Injini za wakati ule zilikuwa za magari na za mashine za kusaga. Uzito haukuwa jambo la kumnyima mtu usingizi. Basi wakamgeukia Taylor.

Msikilizaji, sikiliza jinsi kazi ilivyofanyika, kwa maana wengi wetu tunadhani mambo haya hufanywa na watu waliovaa makoti meupe. Hapakuwa na michoro ya maana. Watatu hao walikuwa wakizungumza juu ya kipande fulani, mmoja anakichora kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, Taylor anaibandika karatasi hiyo juu ya benchi lake na kuanza kazi. Vifaa vyake vikubwa vilikuwa viwili: mashine ya kukereza chuma na mashine ya kutoboa. Vingine vyote vilikuwa vya mkono.

Chukua mfano wa krankshafti, ule mhimili wenye viwiko unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka. Taylor alipewa bamba la chuma kigumu, urefu wake inchi 31, upana inchi 6, unene zaidi kidogo ya inchi moja na nusu. Akachora umbo la krankshafti juu ya bamba lile. Akatoboa matundu mengi yaliyofuatana pembezoni mwa mchoro. Kisha akachukua nyundo na tindo, akabandua chuma cha ziada kama mtu anayechonga kinyago. Halafu ndipo akakipeleka kwenye mashine ya kukereza kukisawazisha. Ilipokamilika krankshafti ile ilikuwa na uzito wa kilo zisizofika tisa, na ilizunguka bila kuyumba.

Kasha la injini lilisubuliwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na shaba kidogo, ili liwe jepesi. Jambo hilo peke yake lilikuwa geni kwa injini za siku zile. Silinda zilikuwa nne. Kabureta kama tunayoijua haikuwapo: petroli ilidondoka yenyewe kutoka kwenye tangi na kugeuka mvuke kwenye chemba yenye joto. Plagi nazo hazikuwapo. Cheche ilitokana na vipande viwili vya chuma vilivyogusana na kuachana ndani ya silinda. Pampu ya maji hapana. Ilipowashwa ilitoa nguvu farasi 16, lakini baada ya dakika moja au mbili joto likipanda ilishuka mpaka 12 na kubaki hapo. Kazi yote ilichukua wiki sita.

Februari 1903 wakaiwasha. Ikanguruma. Siku iliyofuata petroli ikamwagikia kwenye beringi, mafuta ya kulainisha yakaoshwa, injini ikakwama ghafla na kasha likapasuka. Taylor akaagiza kasha jingine, akaanza upya. Mwezi Mei ilikuwa tayari.

Wakati huohuo mabosi wake walikuwa wakigombana. Ugomvi wenyewe ulihusu rafadha, au pangaboi kama wengi tunavyoiita. Hapo awali hawakutegemea kupata taabu. Meli zilikuwa zikisukumwa na rafadha kwa zaidi ya nusu karne; walidhani wangekwenda maktaba, wafungue vitabu vya wajenzi wa meli, wachukue hesabu, waondoke. Wakakuta hesabu hakuna. Wajenzi wa meli walikuwa wakijaribu rafadha moja, ikishindwa wanajaribu nyingine, mpaka wapate iliyofaa. Kwenye meli hilo linawezekana. Kwenye ndege yenye nguvu farasi 12 haliwezekani, maana hakuna hata farasi mmoja wa kupoteza.

Basi wakakaa wakabishana kwa miezi. Taylor na wengine waliokuwa karibu walieleza baadaye kwamba kelele zilikuwa kubwa, na kwamba mara nyingine kila mmoja alimshawishi mwenzake kiasi kwamba kesho yake walibadilishana pande na kuanza kubishana upya! Walichokipata mwisho wake ni fikra moja rahisi kuisema lakini ngumu kuifikia: rafadha si parafujo inayojichimbia hewani. Rafadha ni bawa. Ni bawa linalozunguka badala ya kwenda mbele, na kama vile bawa linavyoinua ndege juu, rafadha huivuta au kuisukuma mbele. Na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kupima maumbo mengi ya mabawa mwaka 1901, ndani ya sanduku la mbao la futi sita lililopulizwa upepo kwa feni, walikuwa na hesabu mkononi. Ncha ya rafadha huenda kasi kuliko sehemu iliyo karibu na kitovu. Kwa hiyo pembe ya bawa lazima ibadilike kidogo kidogo tangu kitovuni hadi nchani. Ndiyo sababu ukiitazama pangaboi ya ndege unaiona imepindwa.

Walichonga mbili, kila moja urefu wa futi nane na nusu, kwa mbao nyepesi za msprusi zilizogundishwa tabaka tatu, kwa shoka dogo na kisu cha kuvutia kwa mikono miwili. Kitambaa kikagundishwa nchani ili mbao zisipasuke. Zilizungushwa na minyororo, ndugu zake na ile ya baiskeli, na mnyororo mmoja ulipishanishwa kama namba nane ili rafadha moja izunguke kulia na nyingine kushoto. Vinginevyo msukosuko wa kuzunguka ungeipindua ndege. Karibu miaka mia moja baadaye watafiti walichonga rafadha za mfano uleule na kuzipima kwa vyombo vya kisasa. Zilikuwa zikigeuza takriban asilimia 75 ya nguvu ya injini kuwa msukumo. Mimi naona hapa, kwenye rafadha, ndipo ndugu Wright walipowaacha wenzao wote nyuma, kuliko hata kwenye injini.

Nasema hivyo kwa sababu injini bora kuliko ya Taylor ilikuwapo. Mwaka uleule, mjini Washington, Profesa Samuel Langley alikuwa na fedha za Wizara ya Vita, dola 50,000, na msaidizi wake Charles Manly alikuwa ametengeneza injini ya silinda tano zilizopangwa kama miale ya jua, yenye nguvu farasi 52. Ilikuwa injini ya ajabu kwa wakati wake. Ndege iliyobebeshwa injini hiyo ilitumbukia mtoni Potomac tarehe 7 Oktoba, na tena tarehe 8 Desemba. Ndege ya ndugu Wright, kwa hesabu yao wenyewe, haikugharimu hata dola 1,000.

Majira hayohayo ndugu Wright nao walikuwa matatani. Walikuwa Kitty Hawk, pwani ya North Carolina, kwenye mchanga na baridi kali, na injini yao ilikuwa ikitikisika kiasi cha kuharibu mihimili ya rafadha. Mara ya kwanza mihimili ilipelekwa Dayton, Taylor akaitengeneza na kuirudisha. Kisha magurudumu ya meno ya mnyororo yakawa yanalegea. Wakayashika kwa gundi ya kubandikia matairi ya baiskeli, nayo ikakubali! Mara nyingine tena wakaona ufa katika mhimili mmoja. Orville akapanda treni mwenyewe tarehe 30 Novemba kwenda Dayton, akatengeneza mihimili mipya ya chuma kisicho na uwazi ndani, akarudi Desemba 11. Siku sita baadaye, saa nne na dakika 35 asubuhi, akaruka kwa sekunde 12, umbali wa futi 120. Siku hiyohiyo Wilbur akakaa hewani sekunde 59. Halafu upepo ukaibeba ndege iliyokuwa imesimama, ukaibiringisha, ukaivunja na injini yake. Haikuruka tena.

Taylor hakuwapo. Alikuwa Dayton akilinda duka.

Msikilizaji, angalia hesabu ya siku. Chini ya dakika mbili za kuruka zilitanguliwa na wiki kadhaa za kurekebisha mihimili. Uwiano huo ndio uliokuwa maisha ya ndege zote za miaka ile, na aliyeusahau aliadhibiwa. Tarehe 17 Septemba 1908, huko Fort Myer karibu na Washington, Orville alikuwa akiwaonyesha wanajeshi ndege mpya, amempakia Luteni Thomas Selfridge. Rafadha moja ikapata ufa. Ikaanza kutikisika, ikagonga waya ulioshikilia usukani wa nyuma, na ndege ikaanguka. Selfridge akafariki, akawa mtu wa kwanza kuuawa katika ajali ya ndege yenye injini. Orville alivunjika mguu na mbavu. Ufa katika ubao, hicho tu.

Ufaransa wakati huo walikuwa wanakwenda njia nyingine. Ndugu wawili wengine, Louis na Laurent Seguin, walitoa injini iliyoitwa Gnome, ambayo fundi wa leo akiielezwa anaweza kudhani anataniwa. Katika injini ya kawaida silinda hukaa tuli na krankshafti huzunguka. Katika Gnome krankshafti ilifungwa kwenye ndege isizunguke, na injini nzima, silinda saba, ikazunguka pamoja na rafadha. Kwa nini? Kwa sababu silinda zikizunguka hewani hujipoza zenyewe; hakuna rejeta, hakuna maji, hakuna uzito wake. Gnome ya kwanza ilitoa nguvu farasi 50 kwa uzito wa kilo 75. Ilinganishe na ya Taylor, ambayo kwa uzito wa karibu hivyo ilitoa 12.

Lakini hakuna cha bure. Mchanganyiko wa petroli na hewa ulipitia ndani ya kasha la injini, na petroli ingeyayeyusha mafuta ya kawaida ya kulainisha. Yalitakiwa mafuta yasiyochanganyika na petroli kwa urahisi. Na yakapatikana: mafuta ya mbarika! Naam, yaleyale ya nyonyo ambayo bibi zetu walitunywesha kijiko kizima kusafisha tumbo. Yaliingia kwenye injini, yakalainisha, kisha yakarushwa nje moja kwa moja, yakamrukia rubani usoni. Rubani aliyavuta na kuyameza muda wote wa safari. Matokeo yake unaweza kuyakisia mwenyewe. Marubani wa vita ya kwanza walikuwa na sababu zaidi ya moja ya kuharakia kutua.

Na fundi je? Injini ya namna hii haikusubiri mwaka wala mwezi. Baada ya saa chache za kuruka, ambazo mara nyingi hazikufika hata siku mbili ukizijumlisha, ilishushwa, ikafunguliwa yote, ikasafishwa utando wa mafuta yaliyoungua, ikafungwa tena. Vali ya kuingiza petroli ilikuwa kwenye kichwa cha pistoni. Ilipokwama, moto ulirudi ndani. Kuta za silinda, zilizokerezwa kutoka kwenye chuma kizima, zilikuwa na unene wa kama milimita moja na nusu. Mkono mzito haukufaa hapo.

Rafadha nayo ilikuwa na masharti yake. Ubao hunywa unyevu na hukauka. Ukikauka hunywea, na bolti zilizokazwa jana leo zimelegea. Kwa hiyo fundi alizijaribu kila mara. Ndege ikilala, rafadha iliachwa imelala sawa na ardhi, siyo wima, ili unyevu usishukie bawa moja likawa zito kuliko jingine. Kupima uzito waliitundika kwenye mhimili laini. Bawa lililoshuka ndilo zito, na lile jepesi likapakwa vanishi zaidi. Ncha zilivikwa shaba kwa ajili ya mvua, majani na maji ya bahari. Na baada ya yote hayo, ni fundi huyohuyo aliyesimama mbele na kuizungusha kwa mikono ili injini iwake. Wako walioteleza.

Haya yote, msikilizaji, yalifika hata kwetu. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, wakati Pegasus ikiwa imetia nanga kwa matengenezo. Kisha Königsberg yenyewe ikaharibika mashine, ikajificha katika mikoko ya mlango wa Rufiji, na vipande vyake vikabebwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Wakamkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa Durban akionyesha watu ndege yake ya majini aina ya Curtiss. Novemba 1914 akaletwa hadi visiwa vilivyo jirani na Mafia. Rejeta ya injini yake ikaharibika, na duka la vipuri vya ndege halikuwapo pwani yote hii. Manowari nzima, Fox, ikatumwa Mombasa kuleta rejeta ya gari la Ford! Ikafungwa, na Cutler akaiona Königsberg. Desemba injini ikamzimikia juu ya delta, akashuka mtoni na kutekwa.

Ndege zilizofuata, za Sopwith, zilikuwa na injini za Gnome. Hewa ya joto ya kwetu ni nyepesi. Injini ilikosa nguvu, rafadha ikakosa cha kushika, na ndege zikawa zinabingirika juu ya maji zikikataa kuinuka na mabomu. Gundi iliachia, mbao zikapinda, mipira ikaoza. Ilibidi zije nyingine, za Short, halafu nyingine tena zenye magurudumu, zilizotengenezewa uwanja Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, ziliingia mtoni, na John Cull na mwenzake Arnold wakawa juu yake wakielekeza mizinga kwa ishara za redio. Injini yao ikapigwa. Ndege ikaanza kushuka, Arnold akaendelea kutuma masahihisho mpaka walipotumbukia mtoni karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa, na Königsberg ikaishia pale.

Turudi kwa Taylor. Alitamani sana kujifunza kurusha ndege, lakini ndugu Wright hawakumfundisha. Walisema wanamhitaji karakanani. Mwaka 1911 Calbraith Rodgers alipovuka Marekani kwa ndege ya Wright, kutoka New York hadi California, Taylor ndiye aliyemfuata kwa treni akiiunga ndege kila ilipoanguka, na iliangukaanguka sana. Baadaye alihamia California, akanunua ardhi, akapoteza fedha zake. Miaka ya 1930 alikuwa fundi wa kawaida katika kiwanda cha ndege huko Los Angeles, akilipwa senti 37 kwa saa, mpaka Henry Ford alipomtafuta amsaidie kulijenga upya lile duka la baiskeli liwe makumbusho. Orville alipofariki mwaka 1948 alimwachia dola 800 kwa mwaka. Mwaka 1955 akakutwa katika wodi ya maskini. Watu wa viwanda vya ndege wakachanga, wakamhamishia mahali pazuri zaidi, na tarehe 30 Januari 1956 akafariki akiwa na umri wa miaka 87. Siku hizi mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani hutoa tuzo yenye jina lake kwa mafundi waliotumikia miaka 50.

Ndege ya 1903 yenyewe imehifadhiwa Washington, na mamilioni ya watu wamepita mbele yake. Krankshafti iliyomo si ile ya nyundo na tindo. Ile ilipelekwa kwenye maonyesho mjini New York mwaka 1906, na maonyesho yalipofungwa haikurudi. Haijaonekana hadi leo.